Kifungu Kinachouliza "Wewe ni Nani?"

Tarehe 28 Machi 2014, jopo moja la Mahakama ya Juu ya Japani lilitoa hukumu katika mashauri mawili ya gofu. Katika yote mawili, mtu wa genge la yakuza alikwenda uwanjani, akacheza, ada ikalipwa, akaondoka zake. Hakuna aliyetishwa, hakuna kilichovunjwa, na uwanja haukupoteza hata yeni moja. Hata hivyo waendesha mashtaka walifungua kesi ya kujipatia huduma kwa njia ya udanganyifu. Shauri lililotoka Miyazaki, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, lilimalizika kwa mahakama kusema hakuna kosa. Lile la Nagano, katikati ya nchi, lilimalizika kwa mshtakiwa kubaki na hatia.

Majaji walikuwa walewale, siku ni ileile na mchezo ni uleule. Kwa nini basi mmoja apone na mwingine abaki na hatia? Ukilijibu swali hili sawasawa utakuwa umeelewa jinsi Japani ilivyowasukuma yakuza nje ya benki, nyumba za kupanga, viwanja vya michezo na hata laini za simu, bila kutunga sheria inayosema kwamba kuwa yakuza ni kosa. Lakini ili tufike huko, tuanze chini kabisa.

Jambo la kwanza la kuweka sawa ni kwamba kuwa mwanachama wa yakuza nchini Japani si jinai. Katiba ya mwaka 1947, ibara ya 21, inalinda uhuru wa watu kujiunga katika vyama, na serikali ya huko imekuwa na woga wa kuugusa uhuru huo kwa sababu ya kumbukumbu za kabla ya vita, pale vyama vilipofutwa kwa amri. Sheria kubwa dhidi ya magenge ilipitishwa mwaka 1991 na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1992, nayo haikuyapiga marufuku. Iliyaorodhesha tu. Tume ya usalama wa raia ya mkoa hupima mambo matatu: kama kundi linawaacha wanachama wake watumie jina lake kujipatia riziki, kama uwiano wa wenye rekodi za uhalifu ndani yake umepita kiwango kilichowekwa, na kama lina ngazi za mamlaka chini ya mkuu mmoja. Likitimiza yote matatu, linatangazwa katika gazeti la serikali: jina lake, makao yake, jina la mkuu wake. Kuanzia hapo mwanachama akidai pesa za ulinzi kwa kulitaja genge, polisi wanaweza kumpa amri ya kukoma, na akiikaidi ndipo anashtakiwa.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo hucheka kidogo. Genge lenye anwani iliyochapishwa na serikali! Lakini ushike vizuri ukweli huo, maana mengine yote yamesimama juu yake. Serikali inajua genge liko wapi, na kwa sehemu kubwa inajua nani ni nani, ila haina ruhusa ya kusema "msiwepo".

Jambo la pili ni mkataba. Ukiuvua mapambo yote, mkataba ni watu wawili wanaokubaliana kufungwa na maneno yao wenyewe. Kila mmoja ana hiari ya kuingia au kutoingia, na ana hiari ya kuchagua ataingia na nani. Kanuni hiyo ni ya zamani, na Wajapani waliiandika waziwazi katika ibara ya 521 ya Sheria ya Madai walipoifanyia marekebisho yaliyoanza kutumika Aprili 2020. Serikali haiwezi kumwambia raia "usiwe na chama hicho", lakini mwenye duka anaweza kumwambia mteja "sitaki kufanya biashara nawe". Jambo ambalo dola limekatazwa kulifanya kwa mkono wake, linaweza kutokea endapo maelfu ya watu binafsi watakataa, kila mmoja kwa hiari yake.

Hapo panazuka matatizo mawili. Kwanza, utamjuaje? Yakuza anayekuja kupanga nyumba havai sare. Pili, ukishamjua na tayari mmesaini, utatokaje? Sheria ya Japani inamlinda sana mpangaji: mwenye nyumba hawezi kumtoa, wala kukataa kuendelea naye mkataba unapoisha, bila sababu ya msingi. Kusema "nimegundua wewe ni wa genge fulani" si lazima kutoshe, kama kodi inalipwa na majirani hawajapata bughudha. Ukiwa na uhuru wa kuchagua lakini huna habari, unachagua gizani, na ukipata habari baada ya kusaini unakuta umeshafungwa.

Kuna kifungu cha mkataba kilichoundwa kuyatatua matatizo hayo mawili kwa pamoja, nacho ndicho kinachouliza "wewe ni nani?" Tukitazame kwa karibu. Katika mkataba wa kawaida wa Kijapani leo, uwe wa mkopo, wa kupanga ofisi au wa kusambaza vyakula hotelini, karibu na mwisho kuna ukurasa au nusu ukurasa ambapo kila upande unatamka mambo kadhaa. Unatamka kwamba wewe si mwanachama wa genge, hujawa mwanachama katika miaka 5 iliyopita, si mshirika wake, kampuni yako haiendeshwi wala haiongozwi na watu hao, na hulipi genge fedha. Unaahidi pia kwamba hutakuwa mmoja wao baadaye. Kisha inakuja sehemu ya pili, ambayo haihusu wewe ni nani bali unatenda nini: hutatoa madai ya nguvu, hutatumia vitisho, hutachafua jina la mwenzako kwa uvumi ili akulipe. Mwishoni kuna matokeo. Ikigundulika ulisema uongo au umevunja ahadi, mwenzako anavunja mkataba palepale bila notisi, hakulipi fidia yoyote, na hasara aliyoipata yeye unaibeba wewe. Kama ni mkopo, deni lote linadaiwa siku hiyo hiyo hata kama ulikuwa na miaka 10 ya kulilipa.

Wasomaji wengi hudhani nguvu ya kifungu iko katika adhabu hiyo ya mwisho. Kwa maoni yangu, nguvu iko mwanzoni, pale mtu anapolazimishwa kusema. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mahakamani kimya mara nyingi hakina mshindo wowote. Kama hukuniuliza, nami sikukwambia, nimekudanganya nini? Kifungu kinakiondoa kimya hicho. Yakuza anayetaka kusaini ana njia mbili tu: aseme kweli akataliwe, au aseme uongo kwa sahihi yake mwenyewe. Hali yake, ambayo si kosa, imegeuzwa kauli, na kauli ya uongo inayomfanya mtu akupe kitu ambacho asingekupa ni udanganyifu.

Sasa turudi kwenye gofu. Viwanja vya Miyazaki vilikuwa na tangazo la kuwakataa watu wa magenge. Lakini mapokezini fomu iliuliza jina, anwani na mambo ya namna hiyo tu. Hakuna aliyemuuliza mgeni kama ni wa genge, wala hakuna kilichofanywa kuhakikisha. Majaji wakasema kuandika jina lako halisi na kuomba kucheza ni kuomba kucheza basi. Hakubebi ndani yake tamko kwamba wewe si yakuza. Nagano mambo yalikuwa tofauti. Klabu iliwataka wanachama wake, walipojiunga, waahidi kutowaleta watu wa magenge, na ilikuwa na utaratibu wa kuwachunguza wageni. Mwanachama aliyemleta mshtakiwa alikuwa ametoa ahadi hiyo, kisha akamwandikisha kana kwamba ni mgeni wa kawaida. Kitendo hicho, kikiwa juu ya ahadi ile, kilikuwa sawa na kusema: huyu niliyemleta si wao. Kuhusu hasara ya fedha, majaji hawakuitafuta. Kwao lilitosha kwamba jambo lililofichwa lilikuwa jambo la msingi ambalo klabu ingelijua isingemruhusu kuingia. Siku 10 baadaye, tarehe 7 Aprili 2014, mahakama hiyo ilitumia hoja ileile dhidi ya mtu wa genge aliyefungua akaunti katika benki ya posta baada ya kutia sahihi chini ya tamko la aina hii. Kitabu cha akiba tu, tena akaunti ambayo angeweza kuweka humo pesa zake halali, kikawa msingi wa hatia.

Upande wa pili wa hoja hii ulijitokeza tarehe 12 Januari 2016, na mimi naona ndio unaofundisha zaidi. Nchini Japani kuna mashirika ya umma yanayodhamini mikopo ya wafanyabiashara wadogo: mkopaji akishindwa, shirika linailipa benki. Ikatokea kwamba baadhi ya wakopaji waliodhaminiwa walikuwa na mkono wa yakuza, na wakati mkopo unatolewa si benki wala mdhamini aliyejua. Mdhamini akagoma kulipa, akidai kwamba alikosea: kama angejua, asingedhamini, kwa hiyo dhamana ni batili. Ukimsikiliza unamwonea huruma. Mahakama ya Juu haikumkubalia. Ilisema ninyi wote wawili ni weledi wa fedha, mlijua jambo kama hili linaweza kutokea, na mngeweza kuandika mapema kwamba likitokea dhamana inakufa. Hamkuandika. Basi hali ya mkopaji haikuwa sehemu ya mliyokubaliana, na hasara inabaki pale mkataba ulipoiweka. Majaji waliacha mlango mdogo wazi kwa mdhamini, kwamba benki ikiwa ilizembea uchunguzi wake anaweza kuponea hapo, lakini kanuni ni ngumu: ambalo halikuandikwa halikuulizwa.

Mpaka hapa tumeeleza kinavyofanya kazi kwa anayesaini. Kuna kazi nyingine ambayo kifungu kinamfanyia yule aliyekitoa, na hiyo haionekani kwenye karatasi.

Fikiria kampuni moja inayofuatwa na watu wa genge wakitaka ipokee huduma zao: mimea ya mapambo ya kukodi kila mwezi, taulo za baa, ulinzi. Ikikubali, inapoteza pesa kidogo kila mwezi. Ikikataa peke yake, inajiweka shabaha. Kwa hesabu ya kampuni moja moja, kukubali ni nafuu. Kwa hesabu ya wote kwa pamoja, kukubali ndiko kunakolilisha genge. Wataalamu wa uchumi huuita mtego huu tatizo la hatua ya pamoja, na hautatuliwi kwa mahubiri. Japani ilijaribu mahubiri kwa muda mrefu. Mwaka 1981 sheria ya biashara ilirekebishwa ili kuzikataza kampuni kuwalipa wale jamaa walionunua hisa chache kisha wakatishia kuuvuruga mkutano mkuu wa wanahisa kwa kelele na siri za wakurugenzi. Mwaka 1997 ikafichuka kwamba benki ya Dai-Ichi Kangyo na makampuni makubwa ya hisa, Nomura ikiwamo, walikuwa bado wanawapa fedha. Wakurugenzi walijua ni haramu, ila walimwogopa aliyesimama mbele yao kuliko hakimu aliye mbali.

Kilichobadilika baadaye ni mwelekeo wa hofu. Juni 2007 serikali ilitoa mwongozo ulioyataka makampuni kukata uhusiano wote na watu hao, biashara halali ikiwemo, na kuweka vifungu katika mikataba. Mwongozo ule haukuwa na adhabu. Lakini mwaka uliofuata soko lenyewe lilitoa adhabu: Suruga Corporation, kampuni ya majengo ya Yokohama iliyokuwa na faida, ilibainika kwamba ilitumia kampuni yenye uhusiano na yakuza kuwahamisha wapangaji ili kusafisha viwanja. Benki zikaifungia mikopo, na Juni 2008 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Kisha mikoa ikaanza kutunga sheria ndogo. Fukuoka ilitangulia Aprili 2010, na tarehe 1 Oktoba 2011, Tokyo na Okinawa zilipoingia, mikoa yote 47 ilikuwa nayo. Sheria hizo zinamgeukia anayelipa. Mfanyabiashara anayelipatia genge faida huonywa, na akiendelea jina lake hutangazwa hadharani. Jina likishatangazwa, kila mwenye mkataba naye anafungua ukurasa ule wa mwisho.

Hapo mfanyabiashara mdogo akapata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho: udhuru. Anaweza kumwambia mtu wa genge, "Kaka, si kwamba mimi nakukataa. Nikikupa hii, benki inanifungia na mwenye jengo ananitoa." Mikono yake imefungwa, na mwenye mikono iliyofungwa hatishiki kirahisi, kwa sababu kumtisha hakumpi uwezo wa kukubali.

Nadharia hii ni nzuri, lakini si kila mahali ilikwenda ilivyochorwa. Kitakyushu, jiji la mkoa huohuo wa Fukuoka, ndiyo ngome ya genge la Kudo-kai. Kuanzia Agosti 2012 baa na vilabu vya usiku viliruhusiwa kubandika mlangoni kibao rasmi cha kuwakataza watu wa magenge wasiingie. Wenye kubandika wakaanza kuona moto. Majengo yalichomwa, na watu wa biashara hizo, wanawake wakiwemo, walishambuliwa kwa visu. Wengine wakaving'oa vibao vyao. Sheria ya taifa nayo iliongezewa makali mwaka huohuo, na Desemba Kudo-kai likawa genge la kwanza kupewa daraja la hatari maalumu. Mkuu wake, Nomura Satoru, alihukumiwa kifo Agosti 2021, na Machi 2024 mahakama ya rufaa ikaibadili kuwa kifungo cha maisha. Mikono iliyofungwa kwa karatasi inahitaji polisi wa kweli nyuma yake. La sivyo umemwanika mwenye baa.

Michezo nayo ilifuata njia hiyo, na kwa mieleka ya sumo aibu ilitangulia. Katika mashindano ya Nagoya ya Julai 2009, watu wa genge kubwa la Yamaguchi-gumi walikaa siku nyingi kwenye viti vya mbele kabisa kando ya ulingo. Viti hivyo haviuzwi dirishani. Ni vya wafadhili. Vinaonekana vizuri kwenye matangazo ya NHK, shirika la utangazaji la umma, na ilisemwa sana kwamba shabaha yao ilikuwa mkuu wao aliyekuwa gerezani awaone kwenye runinga. Mwaka 2010 ikazuka kashfa ya wanamieleka kucheza kamari ya besiboli iliyoendeshwa na watu wa magenge. Bingwa wa daraja la pili kutoka juu, Kotomitsuki, alifukuzwa, na Julai NHK haikurusha mashindano moja kwa moja, jambo lililokuwa halijawahi kutokea tangu sumo iingie kwenye runinga mwaka 1953. Simu zilizokamatwa katika upelelezi huo zikafichua ujumbe wa kupanga matokeo, na mashindano ya Machi 2011 yakafutwa.

Besiboli ya kulipwa ilikuwa imeamka mapema kidogo, mwaka 2003, vilabu na polisi walipounda baraza la kuwatoa watu wa magenge viwanjani, ambako walikuwa wakiuza tiketi kwa ulanguzi na kuviendesha baadhi ya vikundi vya ushangiliaji. Silaha yao ilikuwa ileile. Kila tiketi ni mkataba wa kutazama mchezo, na masharti yake yanasema haiuzwi kwa mtu wa genge, na akiingia anatolewa. Watazamaji wengi hawajawahi kuyasoma masharti hayo. Haidhuru; mlinzi wa geti sasa ana kitu cha kuonyesha.

Je, kauli iliyosainiwa inathibitishwaje? Polisi wanayo orodha, na kwa utaratibu maalumu hujibu maulizo ya makampuni; tangu Januari 2018 benki zinaweza kuuliza kupitia shirika la bima ya amana kabla ya kutoa mkopo kwa mtu binafsi. Kabla ya hapo kulikuwa na matundu makubwa. Septemba 2013 mamlaka ya fedha iliikaripia rasmi benki ya Mizuho kwa mikopo ipatayo 230, mingi ya magari, iliyotolewa kwa watu wa aina hiyo kupitia kampuni shirika ya Orient Corporation. Kilichowakasirisha wakaguzi zaidi ni kwamba benki ilijua kwa zaidi ya miaka 2 na haikufanya lolote. Kifungu kisipotumiwa ni wino tu.

Matokeo kwa magenge ni makubwa. Mwaka 1963 polisi walihesabu watu wapatao 184,100, wanachama na washirika. Mwisho wa 2024 walikuwa 18,800 hivi, na zaidi ya nusu ya wanachama wamepita miaka 50. Sitasema kifungu peke yake ndicho kilichofanya hivyo. Kuna sheria, kuna uzee, kuna uchumi. Ila kijana anayefikiria kujiunga anajua hataweza kupanga chumba, kununua simu wala kuwa na akaunti. Hilo linamfikia kuliko hotuba ya polisi.

Aliyeacha genge naye hubeba mzigo huo kwa miaka 5. Mwajiri anayetaka kumpa kazi anataka kumlipa mshahara benki, na benki inasoma tamko lake. Hapa utaratibu unajipiga mguu, kwa sababu unamzuia atoke yule unayetaka atoke. Februari 2022 polisi wa taifa waliagiza wanaoacha magenge na kupata kazi kwa waajiri wanaoshirikiana nao wasaidiwe kufungua akaunti.

Shida kubwa zaidi iko kwingine. Kifungu kinauliza uanachama, na uanachama ulikuwa na maana wakati genge lilikuwa na makao, mkuu na orodha. Tangu 2023 polisi wanazungumzia makundi ya aina mpya yasiyo na jina wala ofisi, ambayo huokota vijana kwenye mitandao ya kijamii kwa kazi ya usiku mmoja: kumlaghai mzee kwa simu, kuvunja nyumba. Katika mfululizo wa uporaji wa 2022 na mwanzoni mwa 2023, maagizo yalikuwa yakitoka kwa Wajapani waliokuwa wameshikiliwa katika kituo cha uhamiaji mjini Manila, kwa simu. Vijana waliotumwa hawakujuana wao kwa wao. Mmoja wao akienda benki wiki moja kabla na kutia sahihi kwamba si mwanachama wa genge lolote, hajasema uongo. Kwa watu kama hao sehemu ya kwanza ya kifungu haina cha kushika. Inabaki ile ya pili, ya matendo, nayo haianzi kazi mpaka mtu awe ameshatenda.